Vifaa vya piezo: Nani anunue, nani asubiri

Katika biashara ya almasi ya Maganzo, jirani na mgodi wa Mwadui, mali hupimwa kwa karati. Karati 1 ni gramu 0.2, na pointi 1 ni gramu 0.002 tu. Kosa dogo la kipimo ni fedha. Mfano ni almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui mwaka 1947 na kupewa Elizabeth wa Uingereza: ilikuwa na karati 54.5, ikabaki 23.6 baada ya kukatwa.

Ndiyo maana wiki hii tunaangalia vifaa vya piezo, ambavyo husogeza lenzi, kioo au jiwe kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele.

Vinavyofanya kazi

Mwaka 1880 ndugu Pierre na Jacques Curie waligundua kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme. Mwaka uliofuata walithibitisha kinyume chake: zikipewa umeme, hubadili umbo. Cheche ya kiberiti cha gesi hutokana na ugunduzi wa kwanza. Vifaa vya kusogeza hutegemea wa pili. Leo hutumika zaidi kauri yenye risasi, zirkoni na titani. Kipande cha milimita 20 hurefuka takriban maikroni 20 kikipewa volti 100 hadi 150. Unywele una maikroni 70 hivi.

Gharama iko wapi

Kauri yenyewe si ghali. Kisahani kinachotoa mlio katika saa ya kengele ni piezo, na mafundi wamekitumia kutengeneza hadubini za bei nafuu. Hugawa upande wake wa fedha katika robo 4, kila robo ikapata waya wake, kisahani kikaweza kusogea pande zote.

Gharama kubwa ni mtambo wa umeme na kipimo cha kuhakiki mwendo. Kauri ina ukaidi: ukipandisha volti na kuzishusha, hairudi pale pale, na tofauti huweza kufikia asilimia 10 hadi 15 ya safari yake. Anayetaka kuokoa fedha hufunga kihisi kidogo cha mvutano juu ya kauri, kisha saketi ikasahihisha kosa. Safari ikiwa fupi mno, wenzo wa chuma kinachopinda huiongeza, ingawa nguvu hupungua.

Ushauri kwa mwenye mtaji

Mnunuzi wa almasi ghafi asikimbilie piezo. Lenzi ya kukuza mara 10 huonyesha dosari nyingi, na mkono unatosha kuirekebisha. Fedha yake ya kwanza iende kwenye mizani. Mizani inayosoma gramu 0.01 haiwezi kuona chini ya pointi 5. Inayosoma gramu 0.001 huona nusu ya pointi.

Anayefikiria karakana ya kukata na kung'arisha, au ya kutengeneza vifaa vya maabara, hesabu yake ni nyingine. Hapo maikroni chache zina thamani. Hata hivyo, kabla ya kulipa amuulize muuzaji mambo matatu: kifaa kinasafiri umbali gani, kina kihisi cha kusahihisha au hakina, na bei imejumuisha mtambo wa umeme? Bei ya kauri peke yake si bei ya kifaa.