Mwenye nyumba hewa

Tangu mwaka 2026 uanze, mchezo wa kompyuta wa Cities: Skylines II uko mikononi mwa mafundi wapya. Colossal Order, kampuni ya mjini Tampere, Finland, iliyouzaa, imeachana na mchapishaji wake, Paradox Interactive wa Sweden, na kazi imekabidhiwa Iceflake Studios, nao pia wa Tampere. Tangazo lilipotoka Novemba 2025, msomaji mmoja wa Sinza, Dar es Salaam, akaniandikia. Habari za makampuni hazikumshughulisha. Yeye aliuliza hivi: "Dada, mwaka 2024 walipotoa lile sasisho kubwa walitangaza wamemfuta mwenye nyumba. Mbona mji wangu ulifilisika mara tu baada ya hapo? Na huku kwetu wakimfuta itakuwaje?"

Swali la pili namwachia yeye na mwenye nyumba wake. La kwanza nimelifurahia mno.

Ambaye hajawahi kuucheza ajue tu kwamba wewe ndiye meya: unachora barabara, unapima viwanja, unavuta maji na umeme, na watu wanahamia wenyewe. Mchezo ulitoka tarehe 24 Oktoba 2023 ukiwa haujaiva, na watengenezaji wenyewe walikwisha kuonya kwamba kasi waliyoilenga hawakuifikia. Kompyuta za bei mbaya zikawa zinakwama. Waliopekua mafaili yake wakakuta kila mkazi amechongewa meno kamili kinywani, meno ambayo hakuna meya atakayeyaona kutoka angani. Habari ya meno ilisambaa sana na watu walicheka sana. Mimi haikunisisimua. Mchoro mzito hupunguzwa, mambo yakaisha. Kilichoninyima usingizi ni pango.

(Nasema pango, kwa sababu "kodi" nitaihitaji kwa ile anayokusanya meya.)

Ilikuwa hivi. Una mtaa wa nyumba ndogondogo, umetulia. Unawajengea shule. Unawaongezea zahanati na bustani yenye bembea. Thamani ya ardhi inapanda, kama inavyopanda popote lami inapofika. Unarudi baada ya dakika chache kutazama, na juu ya mapaa zimechomoza alama za malalamiko, moja, kisha tatu, kisha mtaa mzima: pango ni kubwa mno. Unafanya lililo ndani ya uwezo wako, unaruhusu maghorofa ili kiwanja kimoja kibebe wapangaji wengi. Baadhi wanahama, nyumba zinabaki tupu, mauzo ya maduka yanashuka. Ukitulia kidogo wanarudi, na alama zinachomoza upya. Katika miezi ya mwanzo wachezaji walikuwa wakionyeshana picha za miji iliyofunikwa na alama hizo mithili ya surua.

Juni 2024 likaja sasisho ambalo Colossal Order waliliita Economy 2.0. Katika maelezo yao kulikuwa na mstari uliozunguka dunia nzima kama kichekesho: ili kutatua tatizo la pango kubwa, tumemwondoa mwenye nyumba. Wapo waliosema, naam, hatimaye.

Huyo mwenye nyumba hakuwa na sura wala jina. Alikuwa hesabu tu, kijaruba kilichokaa kati ya mpangaji na gharama za kulitunza jengo. Kwa Kiswahili sanifu angeitwa mwenye nyumba pepe, maana tuna uhalisia pepe na barua pepe. Sikatai, ila mtu aliyekulia shambani akisikia "pepe" anawaza punje tupu zinazobaki kwenye ungo. Afadhali mwenye nyumba hewa. Tanzania tunawajua wafanyakazi hewa: mwili hana, mshahara anapokea. Huyu naye mwili hakuwa nao, pango akipokea.

Baada ya kufutwa kwake, gharama za kulitunza jengo zikagawanywa sawasawa kwa wapangaji wote. Pango lenyewe halikuondoka, na hapo ndipo wengi waliposhangilia mapema. Likaanza kukokotolewa kwa njia mpya, kwa thamani ya ardhi, ikiongezewa kiasi kinachotegemea aina na daraja la jengo, kisha kuzidishwa kwa ukubwa wa kiwanja. Badiliko lenye uzito lilijificha katika sentensi zilizofuata, ambazo hazikuchekesha mtu. Kaya ambayo kwa sasa haina fedha za pango mkononi lakini kipato chake kinatosha haitalalamika. Badala yake itabana matumizi dukani. Kulalamika na kuhama kutakuja tu kipato chenyewe kikiwa kidogo mno kwa pango.

Ili kuona kwa nini sentensi hizo zina nguvu kuliko kufutwa kwa mwenye nyumba, twende Ilula, Iringa, kwenye nyanya. Tuseme leo tenga moja linauzwa shilingi 60,000. Mkulima anayeiona bei hiyo akaongeza ekari ana akili timamu. Shida ni kwamba jirani yake naye ana akili timamu. Nyanya haziivi kesho. Tangu miche iondoke kitaluni mpaka tenga lijae ni kama miezi mitatu. Katika miezi hiyo bei bado iko juu, kwa hiyo hata waliokuwa wakisitasita wanaingia shambani. Siku ya mavuno mzigo unashuka wote pamoja, tenga linakuwa 10,000, hata hela ya lori hairudi. Watu wanang'oa, wanapanda kitu kingine. Miezi mitatu tena, soko limekauka, tenga ni 60,000, au 70,000. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja alijibu bei aliyoiona, ila jibu lake lilifika sokoni wakati swali limeshabadilika.

Wachumi wanaujua mchezo huu vizuri. Mwaka 1934 Nicholas Kaldor aliupa jina la utando wa buibui, kwa sababu ukiuchora kwenye karatasi, bei upande mmoja na mzigo upande wa pili, mstari unazunguka na kuzunguka kama buibui anayesuka. Ukitazama mchoro huo utaona kuchelewa kwa jibu ndiko kunakozaa mawimbi, na hatima yake inaamuliwa na ukali wa jibu la mkulima ukilinganishwa na la mnunuzi. Mkulima akiongeza robo ekari kila bei inapopanda, mawimbi yanapungua msimu hadi msimu mpaka yanatulia. Akiongeza shamba mara mbili, yanakua mpaka mtu anauza ng'ombe. Na upo mpaka katikati ambapo hayakui wala hayafi, yanakwenda juu na chini milele.

Sasa weka mahindi mahali pa nyanya. Mahindi yana ghala. Bei ikianguka mkulima anafunga mlango na kusubiri. Ikipanda anatoa gunia mojamoja. Yuleyule mkulima, akili ileile, hata urefu wa msimu haukubadilika sana, lakini mawimbi yamekatwa vichwa. Ghala halimpi bei nzuri zaidi. Linampa haki ya kutojibu leo.

Kaya za Cities: Skylines II zilianza maisha zikiwa nyanya. Bei yao ni pango, shamba lao ni uamuzi wa kukaa au kuhama, na ucheleweshaji wao unatoka ndani ya mashine yenyewe. Mji una maelfu ya kaya, na programu haiwezi kuzikagua zote kwa pigo moja. Inazipitia kwa mafungu, fungu hili sasa, lile baadaye kidogo. Kaya inapofikiwa na kuamua, thamani ya ardhi inayoijibu ilishapimwa kitambo. Inahama kwa sababu ya ughali ambao huenda umeshapungua kwa kuwa fungu lililotangulia nalo lilihama. Economy 2.0 ikazipa kaya ghala. Kipato chao ndicho mahindi yao, na kubana matumizi dukani ndiko kutoa gunia mojamoja. Fundi aliyeandika mstari huo wa programu alistahili kushangiliwa kuliko aliyemfuta mwenye nyumba.

Hesabu za namna hii zimo katika michezo ya miji tangu asili yake. Jay Forrester, mhandisi wa MIT, alichapisha kitabu cha Urban Dynamics mwaka 1969 baada ya mazungumzo na John Collins, aliyekuwa meya wa Boston, na humo aliuandika mji mzima kama mifereji inayojaza na kupunguza madebe, kila mfereji ukiwa na ucheleweshaji wake. Will Wright alikisoma alipokuwa akiitengeneza SimCity, iliyotoka 1989. Forrester alihitimisha kwamba kujenga nyumba za bei nafuu kunaharibu mji. Wengi walimpinga, na kweli mji wake haukuwa hata na vitongoji, lakini ufundi wa madebe na mifereji ulibaki.

Basi kwa nini msomaji wangu alifilisika? Kwa sababu sasisho lilelile lililojenga ghala katika kila nyumba lilibomoa ghala la mji. Tangu mwanzo, bajeti ya meya ilikuwa na mstari wa ruzuku ya serikali. Ulipotumia kuliko unachokusanya, ruzuku ilivimba kuziba pengo, na mji haukuanguka hata ungeujenga vipi. Economy 2.0 ikaufuta mstari huo, ikapandisha gharama za kuendesha huduma, na ikaanza kumtoza meya kwa huduma anazoagiza kutoka nje ya mji. Wakazi wakapata mto wa kulalia, meya akanyang'anywa wake.

Ukishaliona hilo, kelele zilizofuata zinaeleweka. Waliokuwa wakilalamika kwamba mchezo hauna ugumu walifurahi: sasa mji unaweza kufa, kwa hiyo una maana. Waliokuwa wameulea mji mmoja tangu Oktoba waliufungua wakakuta bajeti nyekundu, wakafanya kitu kibaya kuliko vyote, yaani kujibu haraka. Kodi ikapandishwa. Dakika mbili, hakuna mabadiliko. Ikapandishwa tena, na hospitali ikafungwa, na nauli ya basi ikaongezwa. Jibu la ile kodi ya kwanza lilipofika, majibu ya hatua zilizofuata nayo yalikuwa njiani. Meya alikuwa amejigeuza mkulima wa nyanya.

Mimi naona hasira yao ilikuwa halali. Mji wa miezi minane haukuwa picha ya mapambo; ulikuwa ujuzi uliokusanywa. Mchezaji alishajifunza, bila kujua kuwa anajifunza, ruzuku inabeba nini, maghorofa yawekwe lini, alama gani apuuze. Alijifunza hata kasoro, akajenga juu yake, kama fundi anayejua ukuta umepinda na kukata mlango upinde vilevile. Ukija kunyoosha ukuta, mlango haufungi. Wenye modi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe, wanalijua hili kuliko wote: kila sasisho linapobadilisha utumbo wa programu, modi zilizoshikamana nao zinakufa siku hiyohiyo, na lawama anapata aliyezitengeneza bure.

Kisha wakaja wasio na makazi. Kaya zilizoshindwa pango na kukosa pa kwenda zilikwama ndani ya mji, zikajaza bustani, na baadhi ya mameya wakaishia kubomoa bustani hizo ili kuziondoa. SimCity ya 2013 nayo ilikuwa na watu wake wa bustanini, na msanii Matteo Bittanti alikusanya mazungumzo ya wachezaji wakipeana mbinu za kuwaondoa, akayafanya kitabu. Sijui kwa nini hakuna anayecheka kuhusu hao kama walivyocheka kuhusu mwenye nyumba. Au najua.

Kuna utando mwingine wa buibui, mkubwa kuliko ule wa pango, na huu unawafunga mchezaji na mtengenezaji. Mchezaji analalamika leo. Mtengenezaji anasikia, anapanga, anaandika, anajaribu, na miezi kadhaa baadaye anatoa jibu. Machi 2024 mashabiki, wakiwa bado wanasubiri mchezo uponywe, waliuziwa kifurushi cha nyumba za ufukweni kiitwacho Beach Properties, ambacho ufukwe wenyewe hakikuwa nao. Kifurushi kama hicho huwa kimepangwa zamani, watu wakiwa bado wana hamu. Kilitua kwenye soko lililojaa hasira, kikapigwa alama mbovu kupita kiasi. Aprili kampuni zote mbili zikaomba radhi, wanunuzi wakaahidiwa fedha zao, na kifurushi kikatolewa bure. Hapo jibu likawa kali upande wa pili: nguvu zote kwenye marekebisho, na Juni likashuka sasisho moja lililogusa pango, ruzuku, gharama na wapangaji kwa pamoja, matenga yote kwa lori moja.

Wachezaji wazoefu wana taratibu zao sasa. Kabla ya sasisho wananakili mji wao pembeni. Baada yake wanazima modi zote, wanauacha mji uende wenyewe kwa kasi ya kawaida bila kugusa kitu, hata bajeti ikiwa nyekundu, mradi hazina ina cha kuliwa. Wakianza kurekebisha wanagusa kodi ya kundi moja tu, kwa asilimia moja, kisha wanaenda kupika.