Chumvi ya jikoni siyo bahari

Siku hizi ukiingia katika baadhi ya hoteli, ofisi na hata sebule za watu hapa Dar es Salaam, utakuta tangi la kioo lenye samaki. Wengi wao ni samaki wa maji baridi, ambao hawana makuu. Lakini wapo wafugaji waliopanda daraja, wanafuga samaki wa baharini, wale wa kwenye matumbawe wenye rangi za kanga mpya. Leo nataka tuzungumzie maji ya samaki hao.

Msikilizaji mmoja wa Upanga ameniandikia. Anasema alinunua kilo nne za chumvi sokoni, akazikoroga katika lita 100 za maji ya bomba, akayaonja, akaona ukali wake ni ule ule wa maji ya Coco Beach. Akatia samaki watatu. Asubuhi yake wawili walikuwa wanaelea, na wa tatu akafuata mchana. Barua yake inamalizia kwa swali: "Kwani chumvi si chumvi?"

Jibu ni la hasha. Na kwa kuwa naamini wapo wengine wenye swali hilo hilo, hebu tulichambue.

Chukua lita moja ya maji ya bahari uyakaushe kabisa. Utabaki na chumvi ya gramu 35 hivi. Sehemu kubwa ya hiyo ni ile ile tunayotia kwenye mboga. Lakini humo mna pia salfeti kiasi cha gramu 2.7, magnesiamu gramu 1.3, kalsiamu na potasiamu kila moja kama gramu 0.4, na vitu vingine vingi kwa chembe chembe. Meli ya Uingereza iliyoitwa Challenger ilizunguka bahari za dunia kati ya mwaka 1872 na 1876 ikikusanya maji. Mkemia William Dittmar alipima sampuli 77 za maji hayo, na mwaka 1884 akatoa matokeo yake. Ukali wa chumvi unaweza kuzidi hapa na kupungua pale, lakini uwiano wa viungo hivyo ni ule ule karibu kila bahari. Ni kama pilau iliyopikwa kwa bizari moja dunia nzima, tofauti ikiwa maji tu, huku mengi na kule machache.

Sasa nenda Bagamoyo ukaangalie chumvi inavyotengenezwa. Maji ya bahari huachwa kwenye mabwawa yakaushwe na jua. Kwanza hutuama chokaa, halafu jasi, kisha ndipo chumvi ya kula inapoganda. Maji machungu yanayobaki, ambayo ndiyo yenye magnesiamu na potasiamu nyingi, hayachukuliwi pamoja na chumvi hiyo. Halafu kiwandani huongezwa madini joto kwa ajili ya afya zetu. Basi chumvi ya jikoni ilitoka baharini, ni kweli, lakini ni bahari iliyokwisha kuchambuliwa. Huwezi kuirudisha majini ukasema umepata bahari.

Samaki naye anajua tofauti. Damu ya samaki wengi wa baharini ina chumvi kama theluthi moja tu ya ile iliyomo majini. Kwa hiyo mwili wake unapoteza maji wakati wote, naye hulazimika kunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi inayozidi kwa mashavu yake na kwa figo. Ni kazi ya usiku na mchana. Ukimbadilishia ukali wa maji ghafla, umemvurugia kazi hiyo. Ndugu yetu wa Upanga alitia kilo nne katika lita 100, yaani gramu 40 kwa kila lita, wakati bahari ina 35. Ulimi wake haukumwambia, kwa sababu ulimi siyo kipimo. Juu ya hayo, maji ya bomba hutiwa klorini ili sisi tusiugue, na klorini hiyo huunguza mashavu ya samaki.

Afanye nini basi? Njia ziko mbili.

Njia ya kwanza ni kuchota bahari yenyewe. Sisi wa pwani tuna bahati hiyo, lakini si kila maji yaliyo mbele ya macho yanafaa. Usichote karibu na Daraja la Selander, ambako mto Msimbazi unamwaga uchafu wa mji, wala karibu na bandari penye mafuta ya meli. Usichote baada ya mvua kubwa za masika, kwani maji ya juu huwa yamezimuliwa. Mwombe mwenye ngalawa akufikishe nje kidogo, wakati maji yanajaa, ndipo uchote. Tumia madumu ambayo hayajawahi kutiwa mafuta ya taa, petroli wala sabuni. Ukifika nyumbani yachuje kwa kitambaa safi.

Kumbuka kwamba maji hayo yana uhai. Yamejaa vijidudu na mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Ukiyafungia katika dumu na kuyaacha juani, vitu hivyo hufa na kuoza, navyo vikioza hula hewa yote iliyomo. Ama uyatumie siku ile ile, ama uyaweke gizani katika chombo chenye kifuniko kwa wiki kadhaa, hadi takataka zituame. Kisha nyonya kwa mpira maji ya juu tu, uache mashapo, uyapulizie hewa kwa pampu siku nzima kabla ya kuyatumia.

Njia ya pili ni kununua chumvi maalum ya matangi, ambayo imechanganywa kwa kufuata uwiano ule wa bahari. Hii si hekima ya jana. Mwingereza Philip Henry Gosse alikwisha kueleza mwaka 1854 namna ya kutengeneza maji ya bahari kwa kuchanganya chumvi za aina mbalimbali, ili watu wa London wafuge viumbe vya baharini bila kusafiri hadi pwani.

Hapa utaratibu ndio kila kitu. Chukua pipa la plastiki la kuwekea vyakula. Usitumie debe, ndoo ya bati wala chombo cha shaba, kwa sababu shaba na zinki, hata zikiwa chache sana, huua kaa, kamba na matumbawe. Kwa sababu hiyo hiyo jihadhari na maji ya mvua yaliyopita juu ya mabati. Visima vingi vya mwambao navyo vina chumvichumvi zao, na hutajua umeanzia wapi. Yafaayo zaidi ni maji yaliyochujwa kwa mtambo hadi madini yote yakatoka. Ukikosa, tumia ya bomba, lakini yaache katika chombo wazi kwa saa 24 huku yakipuliziwa hewa, klorini iruke.

Anza na maji, kisha ongeza chumvi kidogo kidogo huku yakizunguka. Usianze na chumvi ukaimwagia maji, maana baadhi ya viungo vitagandamana chini na havitayeyuka tena. Na kamwe usikoroge chumvi ndani ya tangi lenye samaki. Acha pampu izungushe maji hayo usiku kucha. Kesho yake pima kwa haidromita. Kwa joto letu la nyuzi 25 inapaswa kusoma 1.025 au karibu na hapo.

Maji hayo yakishakuwa tayari unaweza kuyaweka wiki kadhaa, mradi chombo kiwe na kifuniko, kikae mahali pasipo jua, na pampu iyazungushe mara kwa mara. Pima tena kabla ya kuyatumia.

Nije kwenye jambo linalowaponza wengi. Maji ya tangi yakipungua kwa joto, kinachopaa ni maji, chumvi hubaki. Chukua tangi la lita 100. Likipoteza lita mbili kila wiki, baada ya wiki tano ni lita 10. Ukijazia kwa maji ya chumvi, umefikisha gramu 38.5 kwa lita, na bado unaona kiwango cha maji ni kile kile. Kwa hiyo maji yaliyopaa hujaziwa kwa maji baridi yasiyo na klorini. Ya chumvi ni kwa ajili ya kubadilisha, pale unapotoa sehemu moja ya kumi ya maji machafu na kurudishia mapya.

Mtu atasema kazi yote hii ni ya nini. Samaki wengi wa baharini wanaouzwa kwa ajili ya matangi hawakuzaliwa kwenye banda la mtu. Wamevuliwa kwenye matumbawe. Kila anayekufa kwa maji mabaya, mwingine huvuliwa kujaza nafasi yake. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Aliyeamua kumtoa samaki baharini na kumleta sebuleni ana deni la kumpa bahari, na pipa moja la maji yaliyokwisha kupimwa, lililofunikwa kule stoo, ni malipo ya kwanza. Siku samaki mmoja atakapofia tangini saa nane za usiku na maji kuharibika, duka litakuwa limefungwa na ngalawa itakuwa imelala. Pipa hilo litakuwepo.

Ndugu yetu wa Upanga asikimbilie kununua samaki wengine. Hata maji yakiwa sahihi, tangi jipya linahitaji kwanza kuota bakteria wanaomeza sumu ya kinyesi cha samaki, na hilo huchukua majuma kadhaa. Tukijaliwa, hayo tutayazungumza juma lijalo.