Wenzako Wanampenda Mwandishi, Wewe Humpendi

Na Mwandishi Wetu

KUNA wasiwasi mmoja unaowapata vijana wetu wa sekondari ambao wazazi aghalabu hawausikii, kwa sababu kijana mwenyewe huona haya kuusema. Si wasiwasi wa mitihani wala wa nauli. Ni ule wa kijana ambaye wenzake wote bwenini wanamsifu mwandishi fulani wa riwaya, wanapokezana vitabu vyake na wanaitana kwa majina ya wahusika wake. Na yeye, baada ya kusoma kwa bidii, anaona kuwa kitabu hicho hakimwingii hata kidogo. Hapo huanza kujiuliza: Je, kasoro ni ya kitabu au ni yangu? Na nikisema kweli, nitabaki na rafiki gani?

Mtu mzima anaweza kulicheka jambo hili. Lakini kijana wa miaka kumi na sita ana mali chache sana hapa duniani, na rafiki ni ya kwanza kati ya hizo. Anayehofia kuipoteza hafanyi mchezo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, tulitazame jambo hili kwa makini linalostahili.

KITABU KIMOJA, WASOMAJI ISHIRINI

Kwanza tuelewe wasiwasi huu unatoka wapi. Kitabu cha hadithi katika nchi yetu si mali ya mtu mmoja peke yake. Mmoja hukinunua, na bweni zima hukisoma. Hutoka mkononi mwa mwenyewe kikiwa kipya na kurudi hakina jalada, kurasa za mwanzo zimeshikizwa kwa gundi. Anayekipata leo ameahidi kukitoa kesho jioni, na nyuma yake ipo foleni. Siku hizi hadithi nyingi hupita katika simu, sehemu kwa sehemu, lakini foleni ni ile ile: wote wanaingojea sehemu inayofuata, na wote wanataka kuizungumza asubuhi.

Katika hali kama hiyo, kusema “mimi sikukipenda” kunafanana na kusukuma mkono wa mwenzako katika sinia ya pamoja. Hakuna aliyetukanwa, lakini kila aliyeketi anahisi kuwa kuna jambo. Ndiyo maana kijana hunyamaza.

Hata hivyo, kijana huyo na apambanue mambo mawili. Mara nyingi wanachokipenda wenzake ni kitabu pamoja na namna kilivyosomwa: kunong’onezana baada ya taa kuzimwa, kubishana juu ya nani muuaji, kuficha kitabu chini ya godoro mwalimu wa zamu anapopita. Mfano mzuri ni Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971. Ilipigwa marufuku shuleni, na marufuku yale yale yakawafanya vijana waitafute kwa siri. Baadaye ikarudishwa darasani kuwa kitabu cha kufundishia fasihi. Maneno yake hayakubadilika. Lakini anayekisoma kitabu kwa kuibia na anayekisoma ili ajibu swali la mtihani hawawezi kukipata kwa ladha moja.

WILLY GAMBA NA BWANA MSA

Jambo la pili ni kwamba hakuna mwandishi anayeandika kwa ajili ya kila nafsi. Tuwatazame wapelelezi wawili mashuhuri wa riwaya za Kiswahili.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958 kwa hadithi ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ni mtu wa kiko na fikra. Hutazama, huuliza, hunyamaza, kisha hulifungua fumbo kama mtu anayefungua fundo la kamba bila kuikata. Lugha ya mwandishi huyu ni ya Unguja, yenye mizaha na mafumbo, na humtaka msomaji asiwe na haraka.

Miaka ya 1970 akaja Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba, katika vitabu kama Kufa na Kupona na Kikosi cha Kisasi. Huyu hakai kitini. Ana bastola, hupanda ndege, hupambana na majasusi wa makaburu. Vijana wa wakati ule walikuwa na sababu ya kumpenda. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na habari za vita vya Msumbiji, Angola na Zimbabwe zilikuwa zikisikika redioni kila siku. Willy Gamba aliwapa nafasi ya kushiriki vita ile wakiwa kitandani.

Sasa chukua msichana mpole anayependa mafumbo, umpe Willy Gamba. Yamkini atachoshwa na risasi. Tena ataona kuwa wanawake wengi katika riwaya za namna hii huelezwa umbo kabla ya akili, na kwamba kazi yao ni kuwa chambo au zawadi ya shujaa. Atakereka, na ana haki ya kukereka. Kisha chukua mvulana mwenye damu moto, umpe Bwana Msa. Kabla ya sura ya tatu atakuwa amesinzia. Je, kati ya hao wawili nani mjinga? Hakuna. Kila shetani na mbuyu wake.

Wala mwandishi mmoja si kitu kimoja. Kezilahabi huyo huyo wa Rosa Mistika aliandika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vyembamba vilivyojaa ndoto na falsafa. Wako waliompenda kwa kitabu chake cha kwanza na wakashindwa kumfuata huku. Kwa hiyo kijana asiyekipenda kitabu kimoja asikimbilie kusema hampendi mwandishi. Aseme alichokisoma.

HATA WAKUBWA WALITOFAUTIANA

Kama kijana anadhani kutofautiana juu ya maandishi ni utovu wa adabu, na akumbushwe ubishi wa ushairi. Mwaka 1974 ilitoka diwani ya Kichomi, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani. Washairi waliolelewa katika kanuni za kale walisema hayo si mashairi ya Kiswahili. Wengine, wengi wao wasomi wa vyuo vikuu, walisema ushairi ni zaidi ya hesabu ya silabi. Ubishi huo uliendelea kwa miaka mingi. Lugha yetu haikufa kwa ajili hiyo. Kinyume chake, kila upande ulilazimika kueleza kwa nini unapenda kile unachokipenda, na wanafunzi wa fasihi wanazisoma hoja hizo hadi leo.

Hapo ndipo penye funzo. Walioukuza ushairi wetu kwa ubishi huo ni wale waliotoa sababu.

HATARI YA KUIGIZA

Kijana mwenye hofu huchagua njia iliyo rahisi: hujifanya anapenda. Hukariri majina ya wahusika, hucheka wengine wanapocheka, na husema “kitabu kikali” bila kukimaliza. Njia hii ina gharama kubwa kuliko inavyoonekana. Kwanza, hujulikana. Rafiki mmoja akiuliza mwisho wa sura ya kumi, mchezo umekwisha, na aibu ya kudanganya ni kubwa kuliko aibu ya kutofautiana. Pili, na hili ndilo baya zaidi, kijana huanza kuamini kuwa kusoma ni kazi ya kuwaridhisha watu. Akimaliza shule na wale wenzake wakitawanyika, huviacha vitabu vyote, kwani hakuwahi kujua yeye mwenyewe anapenda nini.

Upo pia upande wa pili wa kosa hilo. Yuko kijana ambaye akigundua kuwa hapendi wanachokipenda wenzake, hujiona bora kuliko wao. Huwaita wasomaji wa “vitabu vya ovyo”. Wataalamu huziita riwaya hizi riwaya pendwa, na huzitenganisha na riwaya dhati. Lakini mgawanyo huo ni chombo cha kazi ya uhakiki, haukuwekwa uwe fimbo ya kumpigia rafiki. Wako wengi ambao mlango wao wa kwanza wa kusoma ulikuwa riwaya ya upelelezi.

LA KUFANYA

Kijana aliye katika hali hii na ajaribu mambo haya. Asome kwanza, walau sura tatu au nne, ili anachokisema kiwe chake na si cha kusikia. Akirudishe kitabu kwa wakati na kikiwa safi; asiyekipenda kitabu ana wajibu wa kukitunza kuliko anayekipenda. Akiulizwa, aseme “hakikunivutia,” na si “ni kibaya,” kwani kauli ya kwanza inahusu nafsi yake na ya pili inahukumu nafsi za wenzake. Kisha atoe mfano mmoja: “Nilichoka na mapigano,” au “Yule mwanamke hakupewa la kusema.” Halafu amuulize mwenzake sehemu gani ilimpendeza zaidi, na amsikilize mpaka mwisho. Mtu aliyesikilizwa juu ya kitabu anachokipenda hawezi kukasirika kwa urahisi.

Na mwisho alete kitabu chake. Anayesema hapendi hiki, akaonyesha anachokipenda, ameongeza kitabu cha pili kwenye foleni ya bweni. Pengine wawili watakipenda, pengine hakuna. Lakini hatakuwa tena yule anayekataa tu.

Kwa wazazi neno ni fupi. Mtoto akikuambia kuwa hakipendi kitabu ambacho wenzake wanakisifu, usimcheke na usimwambie kuwa hao si marafiki wa maana. Muulize: kwa nini hukipendi? Muulize hivyo hivyo ndugu yake anayekipenda, mbele ya wote, mezani au mkekani, na usimtangaze mshindi. Mtoto aliyezoea kutoa sababu zake nyumbani bila kuogopa hatatetemeka atakapoulizwa bwenini, na siku atakapokabiliwa na jambo zito kuliko riwaya, atakuwa amekwisha kujifunza kusema “hapana” na kubaki na rafiki zake.