Kutambua Chipu Iliyofichika Ndani ya Swichi ya Mtandao

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma hupita hapo, reli ya TAZARA nayo ina stesheni hapo, na ndipo barabara ya Njombe na Songea inapochepuka kuelekea kusini. Malori ya viazi, mbao na parachichi yatokayo Njombe hungoja hapo kabla ya kuingia njia kuu. Tangu ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulipoanza mwaka 2009, nchi imekuwa na njia panda za aina nyingine zisizoonekana kwa macho, ambako nyuzi nyembamba za kioo zinazobeba maneno, picha na hesabu za fedha hukutana na kuachana. Katika kila njia panda ya namna hiyo hukaa chombo kinachoamua kila kifurushi cha habari kipite njia ipi. Mara nyingi chombo hicho ni swichi.

Jina hilo lisimpotoshe mwanafunzi. Swichi ya mtandao si kitufe cha kuwashia taa. Ni sanduku bapa la chuma lenye matundu mengi usoni, ambamo habari huingia kwa tundu moja na kutokea kwa jingine kufuatana na anwani iliyoandikwa juu yake. Moyo wa sanduku hilo ni chipu moja ya silikoni inayofanya kazi yote ya kupokea, kusoma anwani na kupeleka. Chipu iitwayo Tomahawk, iliyotangazwa na kampuni ya Broadcom mwaka 2014, ina transista zaidi ya bilioni 7, na hupitisha biti trilioni 3.2 kila sekunde, yaani terabiti 3.2.

Jambo la kushangaza ni kwamba jina lililoandikwa usoni mwa swichi mara nyingi si jina la aliyeitengeneza chipu hiyo. Hali hii inafanana na ile ya mabasi: bodi hujengwa na fundi mmoja, lakini chasisi na injini vimetoka kiwanda kingine. Google ilieleza mwaka 2015 kwamba tangu mwaka 2005 ilikuwa ikijijengea swichi zake yenyewe kwa chipu zinazouzwa sokoni. Facebook ilipotoa swichi yake ya kwanza, Wedge, mwaka 2014, ndani yake mlikuwa na Trident 2 ya Broadcom. Kampuni kubwa za kuuza vyombo vya mtandao nazo hununua chipu hizo hizo, zikazitia katika masanduku yenye rangi na majina tofauti. Hivyo masanduku mawili yenye bei zinazopishana sana yaweza kuwa na moyo mmoja, na masanduku mawili yanayofanana kama mapacha yaweza kuwa na mioyo miwili isiyohusiana.

Mtu aweza kuuliza tofauti hiyo inamhusu nini mkazi wa Njombe. Jibu limo katika hesabu ndogo ambayo mwanafunzi wa sekondari aweza kuifanya kwa penseli.

Ichukuliwe kwamba swichi imewekwa Makambako. Habari zinaingia kutoka Dar es Salaam kwa gigabiti 100 kila sekunde, na tawi la kwenda Njombe linapokea gigabiti 10 tu. Ikitokea kwamba kwa kitambo kifupi habari zote zinazoingia ni za Njombe, gigabiti 90 za ziada kila sekunde hazina pa kwenda. Kwa ajili hiyo chipu ina bohari ya kungojea, ambayo ni kumbukumbu inayovishikilia vifurushi hadi njia ipate nafasi. Bohari ya Tomahawk ina megabaiti 16, sawa na megabiti 128. Ukigawanya 128 kwa 90,000, utaona kwamba bohari nzima hujaa kwa sekunde 0.0014, yaani milisekunde 1.4. Kwa kweli hujaa mapema zaidi, kwa kuwa tundu moja haliruhusiwi kuitwaa bohari yote. Ikishajaa, kila kifurushi kinachofuata hutupwa.

Je, kompyuta iliyoko Dar es Salaam haiwezi kuambiwa ipunguze mwendo? Yaweza, lakini habari hiyo lazima isafiri. Mwanga ndani ya uzi wa kioo huenda kadiri ya kilometa 200,000 kwa sekunde, na kutoka Makambako hadi Dar es Salaam kwa kufuata barabara ni kadiri ya kilometa 670. Safari ya upande mmoja peke yake huchukua milisekunde 3.4. Mjumbe hajafika Chalinze, bohari imekwisha furika! Vifurushi vilivyotupwa hutumwa upya, kompyuta inayotuma hupunguza mwendo wake kwa ghafla, na mtumiaji wa Njombe huona mtandao umezubaa ingawa nyuzi zenyewe ni nzima.

Chipu hiyo hiyo ikiwekwa katika jengo la Kituo cha Taifa cha Data, Kijitonyama, haina kosa lolote. Ndani ya jengo umbali ni makumi ya mita. Habari ya kupunguza mwendo hufika kwa sehemu ndogo ya milionea moja ya sekunde, na bohari ndogo yatosha kabisa. Kwa njia ndefu zinazobadilika upana hutengenezwa chipu za ukoo mwingine, kama Jericho, pia ya Broadcom, ambazo huwekewa kumbukumbu ya nje yenye gigabaiti kadhaa. Bohari ya gigabaiti 4 katika mfano wetu ingechukua milisekunde 355 kujaa. Mjumbe angefika Dar es Salaam na kurudi mara kadhaa. Tatizo ni kwamba kwa nje swichi za koo hizo mbili zaweza kuwa na matundu yale yale, na mnunuzi anayesoma idadi ya matundu peke yake hana njia ya kujua.

Basi chipu hutambuliwaje bila kulivunja sanduku? Mtaalamu huanza kwa kuhesabu. Matundu 32 ya gigabiti 100 ni terabiti 3.2, na chipu za uwezo huo ni chache: Tomahawk, Trident 3 ya mwaka 2017, Spectrum ya kampuni ya Mellanox ya mwaka 2015, na Tofino ya kampuni ya Barefoot katika toleo lake dogo. Matundu 32 ya gigabiti 400 ni terabiti 12.8, na hapo fikra huelekea Tomahawk 3. Hesabu haitoi jibu kamili, lakini hupunguza washukiwa.

Hatua inayofuata ni kusoma jedwali la sifa, hasa tarakimu ambazo muuzaji hakudhani kwamba zinafichua siri. Swichi nyingi zilizojengwa juu ya Trident 2 hutajwa kuwa na nafasi ya anwani 288,000, na nyingi za Tomahawk 136,000. Tarakimu zisizo za kawaida kama hizo hutokana na umbo la kumbukumbu ndani ya silikoni. Ni kama alama ya kidole. Ukubwa wa bohari nao ukitajwa ni ushahidi mzuri. Usipotajwa kabisa, mnunuzi mwangalifu auulize kwa maandishi.

Ushahidi ulio bora kuliko wote hutoka kwa swichi yenyewe. Ndani ya sanduku, kando ya chipu kubwa, mna prosesa ndogo ya utawala, na siku hizi mara nyingi huendeshwa kwa Linux. Prosesa hiyo huzungumza na chipu kubwa kupitia njia iitwayo PCI, na kila chombo kilichounganishwa katika njia hiyo lazima kijitambulishe kwa namba mbili, ya kwanza ya kampuni na ya pili ya chombo. Fundi akiandika amri ya lspci huziona. Namba ya Broadcom ni 14e4, na ya Mellanox ni 15b3, katika mfumo wa hesabu wa kizio cha kumi na sita. Ikionekana 14e4 ikifuatwa na b960, hiyo ni Tomahawk, ambayo jina lake la kiwandani ni BCM56960. Ikifuatwa na b850, ni Trident 2, yaani BCM56850.

Kufungua sanduku ni njia ya mwisho, nayo haishauriwi. Chipu imefunikwa na pande la chuma la kupoza, kwa maana joto lake ni la wati mia na zaidi, na pande hilo likibanduliwa pasipo ustadi chipu huungua. Mji wa Njombe, ulio karibu mita 2,000 juu ya bahari, una baridi inayosifika, lakini hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano, hivyo feni husukuma hewa kidogo zaidi kwa kila mzunguko. Baridi ya Juni isimfanye fundi adharau kifuniko hicho.

Kujua kilichomo ndani kuna faida nyingine iliyodhihirika mapema mwaka 2017. Intel ilikiri kwamba prosesa zake za jamii ya Atom C2000 zina kasoro katika saa ya ndani, na Cisco ikawaonya wateja kwamba vyombo vyake vyenye sehemu yenye kasoro ya saa vingeanza kufa baada ya kutumika kwa kadiri ya miezi 18. Prosesa hizo zilikuwa zimetumika kama prosesa za utawala katika vyombo vya mtandao vya makampuni mengi. Aliyekuwa na orodha ya chipu zilizomo katika kila sanduku lake aliweza kubadilisha kabla ya ajali. Aliyekuwa na orodha ya majina ya usoni tu ilimbidi kungoja. Tena, Januari 2023, Intel, ambayo ilikuwa imeinunua Barefoot mwaka 2019, ilisimamisha utengenezaji wa vizazi vipya vya Tofino. Waliojenga programu zao juu ya chipu hiyo walihitaji kujua mapema.

Mwalimu asiye na swichi ya kituo cha data aweza kufanya jaribio hili kwa kompyuta yoyote ya shule yenye Linux. Amri ya lspci -nn itaorodhesha vyombo vyote vilivyomo pamoja na namba zao, na wanafunzi wazigeuze kuwa za kizio cha kumi. Watakuta kwamba 14e4 ni 5348, na kwamba 15b3 ni 5555. Katika kompyuta nyingi watakutana pia na namba ya Intel, 8086, ambayo ilichaguliwa kwa mzaha: ndilo jina la prosesa mashuhuri ya kampuni hiyo ya mwaka 1978. Kadi ya mtandao ya kompyuta hiyo nayo itakuwa katika orodha, na huenda namba yake ikataja kampuni tofauti kabisa na ile iliyobandikwa kwenye kifuniko.