KORONA NA SIHA YA WATOTO WENYE ULEMAVU WA AKILI

Wahenga walinena kwamba afya ni bora kuliko mali. Bila shaka unakumbuka jinsi shule zote nchini zilivyofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Wengi walilia juu ya mitihani. Je, ni nani aliyefikiria miili ya watoto wenye ulemavu wa akili?

Mimi nina mdogo wangu wa namna hiyo. Shuleni kwao walikuwa wakikimbia kila asubuhi na kurushiana mpira. Shule zilipofungwa, aliendelea kuvaa sare na kungoja mlangoni. Ukimwambia hakuna shule, haelewi. Baadaye alizoea kukaa tu mbele ya runinga. Shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, alikuwa amenenepa, na kile kilima kidogo cha kwenda shuleni kilimfanya ahemeheme.

Kwa nini ikawa hivyo? Kwanza, watoto wengi wa aina hii hutegemea ratiba. Jambo likifanywa saa ile ile na watu wale wale, hulifuata. Ratiba ikivunjika, mazoezi nayo yamekwisha. Pili, wengi wao huhitaji mtu wa kuandamana nao nje, na wakati ule wazazi waliogopa kuwatoa. Tatu, wenye hali ya Down huzaliwa na misuli legevu, na karibu nusu yao huwa na kasoro ya moyo. Mwili kama huo ukikaa bure hudhoofika upesi.

Mnamo Novemba 2020, Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17, wakiwemo walemavu, wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku. Si lazima pawe na uwanja. Kucheza densi, kuruka kamba, kuteka maji, yote ni mazoezi. Muhimu ni kushika saa moja, kumwonyesha kwa vitendo hatua kwa hatua, na kufanya pamoja naye. Mwenye kasoro ya moyo, daktari aulizwe kwanza.

Wenzangu, kufungiwa kwa korona kumepita, lakini likizo huja kila muhula, na mambo huwa ni yale yale. Mimi na mdogo wangu huzunguka boma mara tano kila jioni saa kumi na moja. Siku hizi nikichelewa, yeye ndiye hunivuta mkono. Ikiwa nawe una ndugu kama huyu, usimwache kitini likizo hii. Haba na haba hujaza kibaba.