Maporomoko ya Victoria: Mwezi Kwanza, Begi Baadaye

Wenzi wawili wakiamua kubeba mabegi ya mgongoni kwenda kuona Maporomoko ya Victoria, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, mazungumzo yao huanzia kwenye nauli. Mimi huwauliza kwanza wanakwenda mwezi gani. Hilo ndilo litakaloamua wataona nini, wasimame upande upi, na kila mmoja abebe nini.

Mengi ya maji yale hayatokani na mvua ya pale. Zambezi huanzia kaskazini-magharibi mwa Zambia, hupita Angola, kisha hurudi Zambia na kukatiza uwanda wa Barotse. Huko juu mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Machi hivi. Uwanda wenyewe ni tambarare mno: mto ukijaa hutanda pande zote, na maji hukawia huko wiki kadhaa kabla ya kushuka. Mafuriko hayo ndiyo yanayomhamisha mfalme wa Walozi, wenyeji wa uwanda huo, kwa mashua kutoka Lealui hadi Limulunga, katika sherehe ya Kuomboka. Ndiyo pia yanayofanya mto ufikie kilele maporomokoni mnamo Aprili, wakati mvua za Livingstone, mji wa Zambia ulio jirani nayo, zinaelekea kwisha.

Wengi wakisikia kilele hukimbilia Aprili. Tafakarini kidogo. Maporomoko haya yana upana wa mita 1,708, na maji huanguka zaidi ya mita 100 ndani ya ufa mwembamba. Mtazamaji husimama ukingo wa pili, uso kwa uso nayo. Maji yakiwa mengi, hewa inayosukumwa ufani haina pa kutokea ila juu, nayo hupanda na manyunyu mamia ya mita. Mtasikia ngurumo kifuani, mtalowa hadi mifupani, lakini ukuta wenyewe mtauona kwa vipande tu, upepo unapofunua.

Oktoba na Novemba mambo hugeuka. Joto ni kali, na sehemu kubwa ya upande wa Zambia huweza kukauka kabisa, maji yakibaki zaidi upande wa Zimbabwe ambako ukingo wa mwamba uko chini. Lakini wakati huo ndipo mwamba unaposomeka. Ni bazalti, lava iliyoganda miaka milioni 180 hivi iliyopita, yenye nyufa ndefu zilizojaa mawe laini. Mto huchimba ufa mmoja, unaporomokea humo kwa muda mrefu, kisha hula mwamba kurudi nyuma hadi ufa mwingine. Magenge yanayopinda kushoto na kulia chini ya daraja la mwaka 1905 yaliwahi, moja baada ya jingine, kuwa maporomoko.

Kwa wenzi wanaokwenda mara ya kwanza napendekeza Juni au Julai. Maji bado ni mengi, manyunyu yamepungua, njia za miguu zinapitika, na kila upande unastahili siku yake. Mkibahatika na mbalamwezi, hifadhi hufunguliwa usiku kwa saa chache ili watu waone upinde wa mvua unaotokana na mwanga wa mwezi. Nendeni mwezi ungali chini angani. Ukipanda sana, upinde hushuka na kupotea. Macho yetu huuona kama utepe mweupe, kwa kuwa mwanga hafifu hautoshi kuziamsha chembe za jicho zinazotambua rangi. Usiku msitembee barabarani kwa miguu. Tembo huvuka huko.

Sasa mabegi. Kugawana mzigo nusu kwa nusu kunaonekana haki, lakini mgongo haujui haki hiyo. Kipimo kinachotumika sana ni begi lisilozidi moja ya tano ya uzito wa mbebaji: mwenye kilo 75 abebe 15, mwenye kilo 55 abebe 11. Hema na jiko vinaweza kubebwa na mmoja. Maji, pasipoti na sehemu ya fedha kila mtu abebe vyake, maana wenzi hupotezana. Karatasi zifungwe kwenye mfuko wa plastiki hata Julai. Chakula msikishike mkononi. Nyani wa pale hupora mchana kweupe.

Wanaotoka Dar es Salaam wana njia ninayoipenda kuliko zote: reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, kisha basi kupitia Lusaka. Ulizeni stesheni mapema kama treni inasafiri, kwani ratiba huvurugika. Jambo moja huwashtua wanandoa: wanaume na wanawake hulazwa vyumba tofauti. Daraja la kwanza chumba kina vitanda vinne, na mnaruhusiwa kukaa pamoja mkikilipia chote. Tafuteni wenzi wengine wawili mnaoelewana nao, mgawane gharama.