Walinzi Wadogo wa Njia za Pumzi

Mwaka huu tumeona tuandike juu ya pumzi, kwani hakuna anayeijua thamani yake kama mwanafunzi wa tajwidi aliyefika katikati ya aya ndefu ikamwishia. Namna ya kuivuta na kuigawa hatutaisema, maana walimu wetu wamekwisha kuisema mara nyingi. Tutazungumzia seli fulani zilizomo ndani ya njia za hewa, ambazo hata wengi wanaosoma bayolojia skuli hawajapata kuzisikia.

Kwanza tukumbushane. Hewa ikishapita kooni huingia katika bomba la hewa. Bomba hilo hugawika matawi mawili, kila tawi likagawika tena, hivyo hivyo kiasi cha mara 23, mpaka kwenye vifuko ambamo oksijeni huingia katika damu. Ukuta wa ndani wa matawi hayo umetandikwa seli za aina mbalimbali. Zipo zenye vinyweleo vya kufagia vumbi, na zipo zinazotoa ute. Baina yao, chini ya moja katika kila mia, zipo seli ziitwazo nyuroendokrini. Jina ni zito lakini maana yake ni nyepesi: ni seli zinazohisi na kupeleka habari kama neva, na papo hapo hutoa homoni kama tezi. Daktari wa Austria, Friedrich Feyrter, alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuzieleza, katika miaka ya 1930.

Binadamu anazo, na panya na sungura wanazo pia. Nyingine hukaa peke yake, nyingine hukusanyika mafungu. Kwa panya fungu moja huwa na seli 20 hadi 30, na aghlabu hukaa kwenye panda, pale njia inapogawika. Hapo ndipo hewa inapogonga ukuta na kuacha vumbi jingi. Mlinzi akikaa hapo hapitwi na mengi. La ajabu ni kwamba hazizaliwi hapo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Christin Kuo na Mark Krasnow, walionesha kuwa panya akiwa bado tumboni mwa mama yake, seli hizi huchopoka zilipokuwa, zikapenya baina ya jirani zao mpaka zikafika kwenye panda na kukutana na wenzao. Sisi tuliposoma hayo tulirudia mara mbili.

Je, zinalinda nini? Mwaka 1993 watafiti wa Kanada walionesha kuwa seli hizi za sungura huhisi oksijeni inapopungua. Zikihisi jambo hutoa kemikali, mojawapo serotonini, na neva iliyo karibu huchukua habari. Mwaka 2024 ikaelezwa, kwa uchunguzi wa panya, kuwa zile za juu, kwenye koromeo na bomba la hewa, huhisi maji na asidi vilivyopotea njia, na mara mnyama humeza au hukohoa. Basi ukipaliwa na maji wakati wa futari, huenda ni wao waliokuokoa.

Ama ndugu zetu wenye pumu, habari yao ina upande mwingine. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walifuga panya wasio na seli hizi, wakawapa vitu vya kuleta mzio. Mapafu yao yalivimba kidogo na kutoa ute mchache kuliko ya panya wa kawaida. Yaani mlinzi akipiga kelele kupita kiasi, kelele zenyewe huwa maradhi.

Sasa tufike kwenye lililotufanya tuandike. Ukuta wa njia ya hewa ukiumia vibaya, baadhi ya seli hizi huacha ulinzi na kuwa mafundi: hujigawa, huhamia kwenye jeraha, kisha hubadilika kuwa seli za aina nyingine na kuziba pengo. Hayo yalielezwa Stanford mwaka 2019, kwa panya. Kujigawa huko kuna breki, nazo ni jeni mbili ziitwazo Rb na p53. Fundi akimaliza kazi, breki humsimamisha. Moshi wa tumbaku huharibu jeni. Breki zote mbili zikikatika katika seli moja, fundi huendelea kujigawa bila ya jeraha la kuziba, na hiyo ndiyo njia kuu ya kutokea saratani ya mapafu ya seli ndogo. Katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya mapafu, 15 hivi wana aina hii, na karibu wote wamewahi kuvuta tumbaku. Huenea upesi mno, na mara nyingi hugunduliwa ikiwa imekwisha kutoka mapafuni. Dawa huipunguza haraka mwanzoni, lakini kwa wengi hurudi.

Baadhi ya vijana wetu husema kuwa wao hawavuti sigara, wao huvuta shisha, na kwamba maji huusafisha moshi. Maji huupoza tu. Lami, nikotini na gesi ya monoksidi ya kaboni inayotoka kwenye makaa hupita na kuingia kifuani, na kikao kimoja cha saa nzima humwingizia mtu moshi mwingi zaidi kuliko wa sigara moja. Na kwa kuwa umepozwa, hauwashi koo, basi huvutwa ndani zaidi, mpaka kwenye zile panda tulizozitaja.